Lamu tunatembea kwa miguu, daktari wa miguu yuko wapi?

Kwa Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie miguu, naam miguu hii hii ya kutembelea, manake huku kwetu Lamu ndio kiungo kinachofanya kazi kuliko vyote na ndio kinachoangaliwa mwisho. Vichochoroni magari hayaingii, ukitoka Langoni kwenda Mkomani ni miguu, ukienda Shela na huna hela ya boti ni miguu, mchukuzi wa mawe miguu, mtoto wa madrasa miguu, mama anayeuza viazi karai miguu, na wengi wetu tuko na ndara ama peku kabisa. Halafu uulize, kaunti nzima hii kuanzia Kiunga mpaka Witu, mtu akiwa na shida ya mguu ataonana na nani aliyesomea mguu? Mimi nimeuliza sana na majibu ni mawili tu, nenda kemisti, ama nenda Mombasa.

Wengine watasema si kuna daktari wa mifupa. Yuko, na Mungu amjaalie, lakini huyo ana mwili mzima wa kushughulikia, nyonga, mkono, uti wa mgongo, ajali za bodaboda za huko bara, Mpeketoni na Hindi. Na fiziotherapi naye ana kazi yake. Ninayemzungumzia mimi ni podiatrista, mtaalamu ambaye kazi yake ni kuanzia goti kushuka chini, muundi, kifundo, kisigino, wayo, vidole mpaka kucha. Ngozi ya mguu ni yake, mishipa ya damu ya mguu ataipima, mishipa ya fahamu ataipima, mwendo wako vile unavyokanyaga atauangalia. Na si kazi ndogo hiyo, mguu mmoja una mifupa 26, miwili 52, na mwili mzima una 206, kwa hivyo robo ya mifupa ya binadamu iko huko chini ambako hatuangalii.

Nchi za wenzetu hii ni fani kamili. Uingereza mtu hawezi kuamka tu asubuhi akabandika kibao kujiita podiatrista, jina lenyewe linalindwa na sheria na lazima awe amesoma digrii na amesajiliwa. Marekani wanasoma chuo cha fani hiyo miaka 4 baada ya digrii ya kwanza, kisha wanakaa hospitali miaka mingine 3 wakifanya kazi chini ya wakubwa zao, na huko wanapasua mguu kabisa. Hata hapa Afrika mambo yapo, Afrika Kusini wanafundishwa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Sisi huku Pwani hata jina hatujalizoea, ukisema podiatrista watu wanadhani umesema pediatrista, yule daktari wa watoto.

Sasa kwa nini nalia na jambo hili. Ni sukari, Mhariri. Ugonjwa wa sukari umeingia majumbani mwetu vibaya sana, hakuna mtaa usiokuwa na mtu wa sukari, na kila mtu anajua kuhusu macho na figo na kupunguza wali na mahamri, lakini mguu hautajwi mpaka siku uharibike. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaua mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu zaidi inayofika vidoleni. Mtu anasikia ganzi, anasikia kama anatembea juu ya pamba ama usiku nyayo zinawaka moto, kisha polepole hasikii kitu. Wakati huo huo mishipa ya damu inaziba, damu haifiki vizuri, kidonda kikitokea hakina damu ya kukiponya. Na ile fahamu ikifa hata jasho la mguu linakauka, ngozi inakuwa kavu, magaga yanapasuka kisigino, uchafu unapata mlango. Wataalamu wanasema katika watu wa sukari waliokatwa miguu, karibu 85 kwa kila 100 walianza na kidonda kwanza. Kidonda tu cha wayo, si ajali ya gari. Kidonda ambacho kingeonekana mapema mguu ungebaki.

Ami yangu alikuwa fundi wa mashua, mtu wa mbao na misumari maisha yake yote, na sukari alikuwa nayo kwa muda mrefu akimeza dawa zake vizuri. Alikanyaga msumari ukatoboa ndara ukaingia wayoni na hakusikia, wallahi hakusikia, aliyeona ni mke wake alipoona damu kwenye mkeka. Wakafanya wanavyofanya watu wote, maji ya moto na chumvi, plasta, asali. Na kwa kuwa hakuumwa alienda kazini. Inayoniuma mimi ni kwamba kliniki alikuwa haikosi, kila tarehe yake anaenda, anapimwa sukari, anapimwa presha, anaandikiwa dawa, anarudi nyumbani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia vua ndara zako mzee nione miguu. Hata mara ile aliyoenda akiwa na kidonda, alikaa kwenye kiti mguu uko chini ya meza na hakuna aliyeinama. Harufu ilipotoka ndipo watu wakashtuka, akavushwa Mokowe, akapandishwa gari la Mombasa, na kule wakasema ushafika mfupani, wakaukata chini ya goti. Siwalaumu manesi, foleni naijua, nesi mmoja na wagonjwa wamejaa mpaka nje. Nalaumu mpangilio ambao haukuweka mtu wa kuinama akaangalia miguu.

Kuangalia kwenyewe si kazi ya mashine kubwa, na hapa ndipo nataka wakubwa wa afya wasome vizuri. Kuna kijiuzi cha nailoni kimefungwa kwenye kijiti, kinakandamizwa kwenye wayo mpaka kipinde, nguvu yake ya kukandamiza ni kama uzito wa gramu 10 tu, mgonjwa anafumba macho anasema nasikia ama sisikii. Asiposikia basi kinga ya maumivu imeondoka na mtu huyo yuko hatarini hata kama hana kidonda. Kisha vidole viwili vya mpimaji vinatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Kisha macho, aangalie sugu, nyufa, kucha zilizoota ndani, baina ya vidole, viatu vyenyewe. Dakika chache. Mwongozo wa kimataifa unasema mtu wa sukari ambaye miguu yake iko sawa aangaliwe mara moja kwa mwaka, mwenye ganzi ama damu isiyofika aangaliwe mara nyingi zaidi, na aliyewahi kupata kidonda ama kukatwa arudi kila mwezi 1 hadi 3. Ami yangu hakuwahi kuangaliwa hata mara moja.

Hapo ndipo podiatrista anapoanzia na kuendelea. Sugu ile ngumu ya wayo ambayo sisi tunaikwangua na wembe ama jiwe, yeye anaipunguza kwa kisu chake bila kutoa damu, manake sugu kwa mtu wa sukari inakandamiza nyama ya ndani mpaka inaoza chini kwa chini na juu huoni kitu. Ukucha ulioota ndani anaupiga ganzi anautoa ubavu na anatia dawa usiote tena. Anatengeneza insoli za ndani ya kiatu ili uzito usikae sehemu moja. Na kidonda kikishakuwapo, yeye ndiye anayejua kwamba dawa na bendeji pekee havitoshi ikiwa mgonjwa bado anakikanyaga, lazima uzito uondolewe pale, wengine wanafungwa plasta ngumu maalum kuanzia wayo mpaka chini ya goti ili watembee bila kukikandamiza kidonda. Hili watu wengi hawalijui. Mtu anafunga bendeji nzuri nyeupe, anapewa antibaiotiki, halafu anatembea nayo mpaka msikitini mara 5 kwa siku na anashangaa mbona hakiponi. Kuna na ile hali mguu wa mtu wa sukari unavimba, unakuwa mwekundu na moto lakini hauumi sana, huko nyumbani tunadhani ametenguka tunamwita mkandaji, kumbe mifupa ya ndani inavunjika na kusagika na kila anapoutembelea unazidi kuharibika. Mtu aliyesomea mguu hali hiyo hataipita hivi hivi, atausimamisha mguu upumzike mara moja. Mkandaji kwa nia njema anaumaliza.

Haya mambo ya mguu usiosikia yalijulikana zamani, na yalianza kwa watu wa ukoma. Kulikuwa na daktari anaitwa Paul Brand, alifanya kazi Vellore kule India kuanzia 1946, yeye ndiye aliyeonyesha kwamba vidole vya mtu wa ukoma haviliwi na ugonjwa wenyewe kama watu walivyodhani, vinaharibika kwa sababu mtu hasikii maumivu, anajikata, anajichoma, na usiku panya wanamtafuna amelala. Akafikia kuwapa wagonjwa wake paka wa kulala nao. Na usidhani ni mambo ya kale, hapa kwa jirani zetu Dar es Salaam Dkt Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni usingizini bila kuamka. Huyo Dkt Abbas ni mmoja wa waliosimamisha mradi wa Step by Step, ulioanzia Tanzania na nchi za Asia ya Kusini kama India, kazi yake kuchukua daktari na nesi wa hospitali za kawaida, kuwafundisha kuangalia miguu ya watu wa sukari na kuwapa vifaa wakaendelee huko kwao. Hawakungoja wapate mapodiatrista wa kujaza nchi. Walianza na manesi waliokuwapo. Basi Tanga na Dar ni watu wa lugha yetu, mwambao mmoja, kweli tunashindwa kutuma watu wawili watatu wakajifunze?

Na ulaya wakubwa wao walikaa huko Saint Vincent, Italia, mwaka 1989 wakaweka lengo la kupunguza kwa nusu miguu inayokatwa kwa sababu ya sukari. Mimi sijawahi kusikia kaunti yetu ikiweka lengo la mguu hata mmoja.

Nirudi nyumbani manake kuna mambo yetu wenyewe ambayo mtaalamu wa miguu angekuwapo angetwambia. Tunatia udhu mara 5 na Alhamdulillahi tunapitisha kidole baina ya vidole vya miguu kama ilivyo sunna, lakini tukimaliza tunavaa ndara na maji yako pale pale, baina ya vidole panakaa unyevu, panachacha, panapasuka, na kwa mtu wa sukari mpasuko ule ni mlango wa maradhi. Taulo ndogo tu msikitini ama kitambaa mfukoni. Pia yale maji ya moto ya kuchovya miguu jioni, mama zetu wanayapenda, mguu usiosikia utaiva ndani ya beseni na mtu anazungumza na wageni. Apime kwanza kwa kiwiko ama mtu mwingine ampimie. Hina nayo, sisemi watu waache hina, harusi za Lamu bila hina ni harusi gani, ila bibi mwenye sukari akitiwa hina nyayo nzima mpaka nyeusi, wekundu hauonekani na kidonda kinajificha, basi aangaliwe miguu kabla ya kutiwa na akipenda atiwe juu tu nyayo ziachwe. Na ndugu zetu wanaokwenda Hija na Umra, wengi ni wazee, wengi wana sukari, wanatembea peku kwenye ardhi iliyopigwa na jua la Makka na wanarudi na malengelenge ya kuungua ambayo hawakuyasikia. Hawa wanachanjwa kabla ya safari, kwa nini wasiangaliwe nyayo siku hiyo hiyo?

Wavuvi nao wana yao. Mtu wa Kizingitini anayezamia kamba, mtu wa Kipungani, wanakanyaga chaza na matumbawe na mwiba wa taa, vidonda vya baharini havichezewi. Mchukuzi anayebeba mawe kwenye chombo kisigino kinamuuma kila asubuhi hatua ya kwanza anapotoka kitandani, akitembea kidogo kinalegea, anaambiwa ni baridi yabisi, anapewa vidonge vya maumivu mwaka mzima. Mara nyingi ule ni mshipa mpana wa chini ya wayo umechoka, na mazoezi ya kuunyoosha na kiatu chenye kisigino kizuri vingemsaidia kuliko vidonge vinavyomchoma tumbo. Nani amwambie?

Na matende. Pwani hii matende tunayajua tangu mababu, na ile dawa ilipokuwa ikigawiwa nyumba kwa nyumba watu wengi walimeza na ni jambo jema, mdudu anamalizwa. Lakini mtu ambaye mguu wake ushavimba dawa ile hairudishi mguu, anachohitaji ni kufundishwa kuuosha kila siku kwa sabuni, kuukausha vizuri kwenye mikunjo na baina ya vidole, kuuinua akikaa, kuufanyisha mazoezi, na kupata kiatu kinachomtosha. Ukifanya hivyo zile homa za mguu zinapungua sana. Wazee wenye matende wako vijijini kule Pate na Siyu wamejifungia ndani kwa aibu, mguu umefunikwa na kikoi, na hakuna anayewafuata. Hii ni kazi ya mtu wa miguu kabisa.

Sasa nitasema jambo ambalo najua wengine litawauma lakini nalisema kwa uchungu si kwa kejeli. Punda wa Lamu wana kliniki yao hapa mjini tangu 1987. Punda akiwa na kidonda anapelekwa, kwato zake zinaangaliwa na kukatwa vizuri, bila malipo, na waliofanya hivyo walielewa jambo moja la kweli, kwamba katika mji huu mnyama asiyeweza kutembea mwenyewe wake hana riziki. Nawashukuru sana hao watu. Lakini mwenye punda naye anatembea nyuma ya punda wake siku nzima kwenye jua, na akiwa na ganzi ya miguu hana pa kupeleka miguu yake.

Najua nitaambiwa bajeti. Haya tuongee bajeti. Mtu akikatwa mguu kaunti inalipa ambulensi ya boti, kitanda wiki kwa wiki, operesheni, dawa kali za kuchoma, kisha mguu wa bandia akiupata, na familia inapoteza mtu wa kuleta unga. Kijiuzi cha nailoni ni bei ya kitu gani? Nadhani hata mshahara wa mtaalamu mmoja kwa mwaka hauwezi kuzidi gharama za miguu inayokatwa.

Ninachoomba kwa wizara ya afya ya kaunti na waheshimiwa MCA, wawakilishi wetu wa wadi, si hospitali mpya. Kwanza, kliniki ya sukari iwe na benchi moja ambapo kila mgonjwa anavua viatu kabla hajaingia kwa daktari, na nesi aliyefundishwa aangalie, aandike kwenye kadi. Hili linaweza kuanza mwezi huu huu. Wahudumu wa afya ya jamii nao, tangu Septemba 2023 serikali iliwapa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, wanaingia nyumba hizo hizo, waongezwe kile kijiuzi na siku moja ya mafunzo, waangalie nyayo za wazee majumbani, wakiona kidonda wapige simu siku hiyo hiyo. Na katika basari za kaunti zinazotolewa kila mwaka, itengwe moja, moja tu, ya kijana wa Lamu akasomee podiatria Afrika Kusini ama popote, kwa mkataba kwamba atarudi kufanya kazi hapa, awe na siku zake za mjini na siku zake za kupanda boti kwenda Faza, Kizingitini na Ndau, na siku ya Mpeketoni. Tumesomesha vijana mambo mengi, hili sijaliona. Mafundi viatu wetu wa ngozi nao wako na mikono mizuri, yeye akiwapo atawaonyesha wakate kiatu kipana cha mtu mwenye ganzi, chenye soli laini ndani na ngumu nje, kisichokuwa na mshono wa kukwaruza. Kiatu kama hicho kikitoka ng'ambo bei yake hakuna mvuvi atakayeiweza.

Na wasomaji wenzangu mlio na mzee wa sukari nyumbani, msingoje kaunti. Leo jioni mkalisheni kwenye taa, mgeuzeni nyayo, yeye mwenyewe hawezi kuinama na macho yake huenda hayaoni vizuri. Angalieni chini na baina ya vidole. Mkiona kidonda hata kidogo, lengelenge, sehemu nyekundu ama yenye moto kuliko mguu wa pili, ama kidole kinachobadilika rangi, ni hospitali kesho asubuhi, si wiki ijayo, na mkifika semeni wazi huyu ana sukari na ana kidonda cha mguu, na aangaliwe akiwa amevua. Mkung'ute viatu vyake kabla hajavivaa, kijiwe ama mwiba mdogo ndani ya kiatu yeye hatausikia. Na peku asitembee, hata ndani ya nyumba.

Siku ya sukari duniani ni Novemba 14, na kila mwaka huwa kuna matembezi, fulana na hotuba. Kabla ya siku hiyo kufika ningeomba afisa mkuu wa afya wa Lamu ajibu kupitia ukurasa huu huu swali moja: mzee wa Faza mwenye sukari akiamka leo na kidonda cha wayo, aende mlango gani, aonane na nani, na boti atalipa nani?

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Langoni, Lamu